Kutoka Lubumbashi hadi Bagamoyo kwa gari lako mwenyewe: jinsi ya kupanga likizo ya mbuga, milima na pwani

Watu wa Lubumbashi wanaijua barabara ya Kasumbalesa na Tunduma kama njia ya mali. Magari yetu mengi yaliteremshwa melini Dar es Salaam yakapita humo, na shaba yetu huifuata njia hiyo hiyo kwenda baharini. Ni wachache wanaoifikiria kama njia ya mapumziko, ijapokuwa inapita karibu na mbuga kadhaa za wanyama, inapanda nyanda za juu za Mbeya na Iringa, kisha inateremka hadi Bahari ya Hindi. Mwongozo huu ni kwa familia au kundi la marafiki wenye gari lao, wanaotaka kwenda Bagamoyo na kurudi wakati wa likizo kubwa ya Julai na Agosti. Shauri langu kuu nalitoa mapema: hesabu kwanza siku za barabara na za mipaka, ndipo uchague mbuga. Wengi hufanya kinyume chake. Huandika orodha ndefu ya mbuga nyumbani, halafu wakifika Mpika, kaskazini mwa Zambia, wanatambua kwamba likizo imekwisha nusu na hawajaona hata swala.

Hatua ya kwanza: pima umbali na uamue idadi ya siku

Kutoka Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni zaidi kidogo ya kilomita 90. Kutoka mpakani kupitia Chingola, Kitwe na Ndola hadi Kapiri Mposhi ni kama kilomita 265. Kutoka Kapiri Mposhi kupitia Serenje na Mpika hadi Nakonde, inayopakana na Tunduma ya Tanzania, ni kilomita 800 na kitu, na kutoka Tunduma hadi pwani ya Tanzania ni kama 930. Kwa hiyo safari ya kwenda peke yake inazidi kilomita 2,000, na ukijumlisha kurudi na michepuko ya kuingia mbugani, gari litatembea karibu kilomita 5,000. Gari linalokunywa lita 12 kwa kila kilomita 100 litahitaji lita 600 za mafuta. Andika hesabu hiyo kabla ya nyingine yoyote, kwa sababu ndiyo itakayokuambia kama safari hii ni ya mfuko wako.

Kwa siku moja usipange zaidi ya kilomita 400, na siku ya mpaka usipange zaidi ya 250. Kwenye ramani utaona kwamba mtu anaweza kwenda mbali zaidi, na madereva wa malori huenda mbali zaidi, lakini wao hawana watoto kiti cha nyuma wala hawasafiri ili kutazama nchi. Sababu kubwa ni usiku. Barabara hii haifai kuendeshwa gizani, kwa ajili ya malori yaliyoharibika na kuachwa katikati ya lami bila taa, baiskeli zenye mizigo ya makaa, ng'ombe, na mashimo ambayo hata mchana huonekana dakika ya mwisho. Kila siku gari liwe limeegeshwa kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Kwa mwendo huo, safari kamili inataka wiki tatu. Mwenye wiki mbili aache hifadhi za Kasanka (Zambia) na Ruaha (Tanzania), apite Zambia kwa siku tatu, na siku zake azitumie Mbeya, Mikumi na pwani. Mwenye wiki moja tu, kwa maoni yangu, asivuke mpaka kabisa. Aende Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, ambako maporomoko ya Lofoi huanguka zaidi ya mita 340, baada ya kuuliza ofisi ya ICCN, idara ya hifadhi ya Kongo, mjini hali ya njia na ya usalama. Hata mwenye wiki tatu angefanya vyema kutangulia Kundelungu mwishoni mwa wiki fulani mwezi wa Mei au Juni. Njia ile mbovu itamwonyesha udhaifu wa gari lake angali karibu na fundi wake.

Hatua ya pili: jua majira yatakupa nini na yatakunyima nini

Julai na Agosti ni kiangazi katika nchi zote tatu. Majani ni mafupi, wanyama hukusanyika kwenye maji, na njia za vumbi mbugani hupitika. Ndiyo miezi bora ya kutazama wanyama, na kwa bahati njema shule zimefungwa.

Lakini kuna vitu viwili vyenye sifa kubwa ambavyo hutaviona. Popo wa matunda wa Kasanka, wanaokadiriwa kuwa mamilioni, na ambao baadhi yao wamefuatiliwa kwa vyombo hadi ndani ya misitu ya Kongo yetu, hukusanyika huko kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Desemba. Nayo maua ya Kitulo, karibu na Mbeya, yaliyoufanya uwanda ule uitwe Bustani ya Mungu, huchanua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Ukisoma habari za mahali hapo pawili usidhani kwamba picha unazoziona ni za Julai. Baridi nayo ni kali. Wakazi wa Lubumbashi wanaijua baridi ya Juni na Julai, lakini ile ya Mbeya na ya Makambako hupita yetu, kwa hiyo majaketi na mablanketi yawekwe juu ya mizigo, si chini yake.

Hatua ya tatu: hati za watu na za gari

Anza miezi miwili kabla ya safari. Kila msafiri awe na pasipoti itakayodumu miezi sita au zaidi baada ya kurudi, pamoja na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho kwa kanuni za afya za kimataifa hakiishi muda tangu 2016. Masharti ya viza kwa raia wa Kongo hubadilika kufuatana na makubaliano ya serikali, hivyo usitegemee habari za jirani aliyesafiri mwaka juzi: Zambia na Tanzania zote mbili zina ubalozi mdogo Lubumbashi, na jibu la ofisi hizo ndilo la kufuata. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, au na shangazi au mjomba, abebe nakala ya cheti cha kuzaliwa na idhini ya wazazi iliyothibitishwa na ofisi ya serikali. Mpakani ndiyo karatasi inayoulizwa na ndiyo inayosahauliwa.

Kwa upande wa gari, karte rozi, yaani hati ya umiliki wa gari, iwe kwa jina la dereva, au kuwe na barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na mthibitishaji. Permi ya kuendesha ya Kongo ifuatane na ile ya kimataifa. Bima ya nyumbani haivuki mpaka, kwa hiyo omba kampuni yako ikupe Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), nayo itaje kwa maandishi Zambia na Tanzania. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango huo wa bima, na kadi hukubaliwa huko. Ofisa akikudai kadi ya njano, muulize kwanza kama ni ya chanjo au ya gari, maana zote mbili huombwa kwenye madirisha yanayokaribiana.

Idara ya forodha ya Kongo, DGDA, hutoa hati ya gari kutoka kwa muda, nayo ndiyo itakayokuwezesha kulirudisha bila kulipishwa kana kwamba umelinunua nje. Hati hiyo ina tarehe ya mwisho. Omba siku nyingi kuliko unazozihitaji, kwa sababu gari likiharibika Iringa na kipuri kikasubiriwa wiki nzima, tarehe hiyo haitasubiri pamoja nawe.

Nakala za karatasi zote ziwe tatu: moja ndani ya gari, moja kwenye begi la mtu mwingine, na picha zake kwenye simu.

Hatua ya nne: gari

Kwa njia ya lami peke yake gari dogo zima linatosha, na mtu asikutishe kwamba bila gari kubwa huwezi kufika baharini. Linalodai gari la juu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, ni kuingia Ruaha na kupanda Kitulo. Mwenye gari dogo anaweza kukodi gari la wenyeji kwa siku moja akaacha lake hotelini, na mara nyingi ndivyo hesabu inavyomnufaisha zaidi, kama nitakavyoeleza.

Fundi akague breki kabla ya kitu kingine, kwa sababu njia hii ina miteremko mirefu. Baada ya breki aangalie mikanda ya injini, rejeta na mipira yake, shokomzoba, betri, na mafuta ya injini ambayo yatapaswa kubadilishwa tena njiani au mara baada ya kurudi. Matairi ya akiba yawe mawili. Beba jeki inayoweza kuinua gari likiwa na mizigo, pampu, kamba ya kuvutia, dumu la maji ya rejeta, taa ya mkononi, kizima moto, pembetatu mbili za hatari, na sanduku la huduma ya kwanza. Zambia hudai pia vibandiko vinavyorudisha mwanga, vyeupe mbele na vyekundu nyuma. Vibandike Lubumbashi, kwa bei ya Lubumbashi, kuliko kuvitafuta mbele ya askari wa barabarani.

Jambo linalostahili mazoezi ni upande wa barabara. Kongo tunaendesha kulia. Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto, na badiliko hutokea hapo hapo Kasumbalesa. Gari lenye usukani upande wa kulia litajisikia nyumbani huko. Lakini gari lenye usukani wa kushoto humweka dereva karibu na mtaro, mahali asipoweza kuona kilicho mbele ya lori. Anayetaka kulipita lori abaki nyuma yake mbali ya kutosha, ili aone barabara kwa pembeni, na abiria mtu mzima aliye mbele amwambie hali ya njia. Hata hivyo dereva asipite mpaka amejionea mwenyewe, kwa sababu abiria asiyeendesha hukosea kukadiria mwendo wa gari linalokuja. Hatari kubwa zaidi huwa asubuhi, wakati wa kutoka kituo cha mafuta au uani kwa hoteli, ambapo barabara ni tupu na mikono inarudia mazoea ya nyumbani.

Hatua ya tano: pesa na simu

Faranga za Kongo badilisha kabla ya kuondoka Kasumbalesa, kwa maana ukishafika Chingola hazina mnunuzi. Beba dola mpya na safi, kwa sababu noti za zamani au zilizochanika hata kidogo hukataliwa. Badilisha benki au kwenye maduka yenye leseni, na vijana wanaokuzunguka mpakani uwaepuke kwa upole. Tangu 2025 Tanzania imepiga marufuku kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, hivyo hoteli na mafuta vitalipwa kwa shilingi. Malango ya hifadhi za taifa za Tanzania hayapokei pesa taslimu: utalipa kwa kadi ya benki, au kwa simu na benki kwa kutumia namba ya malipo utakayopewa. Hakikisha kadi yako inafanya kazi nje ya Kongo kabla ya kuondoka, na uijaribu Kitwe.

Nunua laini ya simu ya kila nchi, kwa pasipoti, na uhifadhi ramani za njia nzima kwenye simu kabla ya kuondoka. Kati ya Serenje na Nakonde mtandao hupotea kwa muda mrefu.

Hatua ya sita: kuvuka Zambia

Ondoka Lubumbashi alfajiri ufike Kasumbalesa ofisi zikiwa bado na hewa. Msururu wa malori unaweza kuwa mrefu mno, lakini magari madogo yana njia yake pembeni. Uliza askari, usijipenyeze. Upande wa Kongo utapita uhamiaji, afya na forodha; upande wa Zambia utapigiwa mhuri, utapata kibali cha muda cha gari, na utalipia ushuru wa barabara na ule wa hewa chafu kwa magari ya kigeni. Risiti zote zitunze ndani ya bahasha moja, kwa sababu utaulizwa tena vizuizini na utazidai wakati wa kutoka. Lala Kitwe au Ndola siku hiyo, hata ukiona jua bado liko juu. Lugha si tatizo: Kibemba cha sokoni Lubumbashi kitakusaidia hadi Mpika na kupita.

Siku ya pili elekea Kapiri Mposhi, inakoanzia reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 hadi Dar es Salaam, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Reli hiyo utakutana nayo mara kwa mara mpaka Tanzania. Baada ya Serenje kuna mchepuko wa kushoto kwenda Kasanka, hifadhi ndogo yenye maji mengi, ambamo nzohe, yule swala wa vinamasini, huonekana alfajiri kutoka kwenye jukwaa lililojengwa juu ya mti. Ukikaa hapo siku mbili unaweza kwenda Chitambo, alikofia David Livingstone Mei 1873. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, ambako ndiko mwisho wa safari yako pia, na watoto wakielezwa hilo hapo Chitambo wataacha kulalamikia urefu wa barabara kwa siku moja au mbili.

Kutoka Serenje hadi Mpika lami imekuwa ikiharibika mara kwa mara kwa uzito wa malori. Hali yake hubadilika kila mwaka, na wanaoijua vizuri kuliko ramani yoyote ni madereva wa malori wanaosubiri Kasumbalesa. Waulize wakati unangoja mhuri. Jaza tangi Serenje na tena Mpika hata kama limebaki nusu. Kaskazini ya Mpika, chemchemi za maji moto za Kapishya, karibu na Shiwa Ng'andu, ni mahali pazuri pa kulala na kuyaondoa mavumbi ya njiani. Kutoka hapo hadi Nakonde ni safari ya asubuhi moja ikiwa utaondoka mapema.

Hatua ya saba: Tunduma na milima ya Mbeya

Nakonde na Tunduma zina kituo cha pamoja cha mpaka kilichozinduliwa mwaka 2019, maana yake ofisi za nchi mbili ziko chini ya paa moja. Songeza saa mbele kwa saa moja. Toa garini mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, kwa kuwa Tanzania iliipiga marufuku kuanzia 1 Juni 2019. Hapa pia kuna kibali cha muda cha gari na ushuru wa barabara. Pitia dirisha rasmi wewe mwenyewe. Kwa gari la familia lisilo na bidhaa huhitaji wakala.

Tangu hapo sheria ya mwendo ni kitu cha kuheshimu kwa dhati. Kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, na askari wenye tochi za kupimia mwendo hukaa mahali ambapo dereva anadhani kijiji kimekwisha. Usiongeze mwendo mpaka uone kibao kinachofuta kile cha kwanza. Ukikamatwa kwa haki, omba karatasi ya faini ulipe kwa namba ya malipo, uendelee na safari. Miteremko ya kuingia na kutoka Mbeya, hasa Iwambi na Mlima Nyoka, imeua wengi. Ishuke kwa gia ndogo na uache nafasi kubwa mbele na nyuma ya malori.

Kabla ya Mbeya, upande wa kulia kuna njia ya kwenda kwenye Kimondo cha Mbozi, kipande cha chuma kutoka angani chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12. Saa moja inatosha. Mbeya yenyewe ipewe usiku tatu. Kutoka Uyole barabara ya Tukuyu hupanda kati ya migomba na chai chini ya Mlima Rungwe, unaokaribia mita 3,000. Njiani unaweza kuacha gari na kutembea msituni pamoja na mwongozaji mpaka ukingo wa kasoko lenye Ziwa Ngozi. Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, mimi naona haina haraka mwezi wa Julai, kwa kuwa maua hayapo. Anayetaka kwenda kwa ajili ya njia yenyewe apandie Chimala kwa barabara ya Hamsini na Saba, iliyopewa jina kwa hesabu ya kona zake, lakini kwa gari lenye nguvu na dereva asiyeogopa bonde.

Hatua ya nane: Ruaha, Mikumi na Udzungwa

Iringa ni kilomita 330 kutoka Mbeya, na ni mji mzuri wa kupumzika siku moja na kutazama nguzo za udongo za Isimila. Hapa ndipo unapoamua juu ya Ruaha. Hifadhi hiyo ina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 20,000, wanyama wake ni wengi na wageni ni wachache, lakini kutoka Iringa ni kilomita 130 za njia ambayo sehemu yake ni ya vumbi, na ukifika lazima ulale angalau usiku mbili ili safari iwe na maana. Mbung'o wapo. Usivae nguo nyeusi wala za buluu iliyokoza, kwa maana huzifuata rangi hizo.

Kuhusu ada, Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na hifadhi za Tanzania zina viwango vya chini kwa raia wa Jumuiya. Onyesha pasipoti, uliza kiwango kinachokuhusu, na omba kibali kitaje saa ya kuanza na ya kuisha, kwa kuwa muda huhesabiwa kwa saa. Gari lenye namba za kigeni linaweza kutozwa kuliko la Tanzania, na hapa ndipo hesabu niliyoitaja inapoingia: jumlisha ada ya gari lako na mafuta, linganisha na bei ya kukodi gari la wazi pamoja na dereva mwenyeji katika mji wa Mikumi au Iringa, kisha ugawanye kwa idadi ya watu. Kwa watu wanne au zaidi, gari la kukodi mara nyingi hushinda, na yule dereva anajua simba walilala wapi jana.

Kutoka Iringa barabara hushuka Mlima Kitonga kwa kona kali. Gia ya pili, mguu kando ya breki, na hakuna kumpita mtu. Chini yake ni bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni, ambapo vitunguu huuzwa kwa mafungu kando ya barabara. Baada ya mji wa Mikumi, barabara kuu hukata ndani ya hifadhi kwa karibu kilomita 50. Hiyo ni barabara ya umma, hulipi kitu, na utaona twiga, pundamilia na tembo ukiwa umekaa kitini. Lakini hairuhusiwi kusimama ovyo wala kushuka, na mabango yanataja faini kwa anayegonga mnyama. Pita asubuhi au alasiri, polepole, vioo vikiwa juu mbele ya nyani.

Ukiingia ndani kwa lango, nenda kwenye uwanda wa Mkata saa kumi na mbili asubuhi. Baki kwenye njia, usipige honi, na ushuke pale tu palipowekwa alama. Juu ya tembo naongeza maneno, kwa kuwa ndio wanaowadhuru wenye magari yao. Kaa mbali nao mita 50 au zaidi, geuza gari mapema ili liwe tayari kuondoka kwa mbele, na usiingie kati ya mama na mtoto hata kama nafasi inaonekana kubwa. Tembo akikutazama kwa kukabili, masikio yakiwa yametandazwa, ameshakuona na anakupima. Rudi nyuma taratibu bila kuvumisha injini. Akivuka njia mmoja, subiri. Wako wengine vichakani.

Kutoka mji wa Mikumi, kilomita 60 hivi kusini kwa barabara ya Ifakara, ni Mang'ula, lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa 1992. Humu hakuna kuendesha. Utaenda kwa miguu pamoja na mwongozaji hadi maporomoko ya Sanje, yenye mita 170, na njiani unaweza kukutana na mbega wekundu na nyani wa Sanje ambao hawapatikani nje ya milima hii. Ni kupanda kwa nusu siku, viatu viwe vya kushika. Baada ya siku nyingi za kukaa kitini, naiona siku hii kuwa bora kuliko siku ya pili ya Mikumi.

Hatua ya tisa: pwani

Usiingie Dar es Salaam kwa gari kama huna shughuli huko. Kutoka Morogoro fika Chalinze, pinda kushoto kuelekea Msata, halafu kulia kwa lami mpaka Bagamoyo. Utaokoa saa nyingi za foleni. Bagamoyo kuna fukwe, soko la samaki, magofu ya Kaole, na nyumba za zamani za misafara. Kwa mtu wa Katanga mji huu una uzito wake. Msiri, aliyejenga enzi yake Bunkeya, alitoka kwa wafanyabiashara wa Unyamwezi, na misafara ya Unyamwezi ilishukia pwani hii na pembe na shaba.

Kaa siku nne, usizigawanye. Atakaye wanyama na bahari mahali pamoja aende siku moja Saadani, hifadhi ya taifa ya Tanzania bara inayogusa ufuko wa bahari. Kabla ya kuogelea uliza wavuvi saa za maji kujaa na kupwa, kwani maji yakipwa hurudi mbali sana na kuacha matope na miamba. Watoto waliozoea maziwa na mito hawajui mkondo wa bahari. Mtu mzima mmoja asiingie majini, abaki akiwatazama.

Hatua ya kumi: kurudi

Tenga siku tano au sita za kurudi, bila mbuga yoyote, baadhi zikiwa ndefu kuliko kipimo cha siku za kwenda: Iringa, Mbeya, Mpika, Ndola, nyumbani, na siku moja ya ziada ambayo hutaitumia isipokuwa ikilazimu. Kagua matairi na breki tena Morogoro au Iringa. Usinunue kombe kubwa za baharini, matumbawe, wala kitu chochote cha pembe au ngozi ya mnyama, hata kama muuzaji ana risiti. Bidhaa nyingine zibebe kwa kiasi cha matumizi ya nyumbani, na stakabadhi zake.

Tunduma hakikisha kibali cha muda cha Tanzania kimefungwa na kugongwa mhuri, na Kasumbalesa vivyo hivyo kwa kile cha Zambia, la sivyo vitahesabika kana kwamba gari lilibaki huko. Hati ya DGDA irudishwe kabla ya tarehe yake, upewe uthibitisho wa maandishi, nao uhifadhiwe pamoja na karte rozi. Ukishavuka kizuizi, rudi upande wa kulia.